Minana wa Bombani

Wenceslaus aliingia uani kwangu asubuhi moja, mwezi wa kumi ukiwa ndio umeanza, ameinua kiota kibichi mkononi kama mtu aliyetwaa kombe la mpira. Hodi hakupiga. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani namenya karanga za mbegu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeona? Minana wameshafuma. Jumatatu maksai wanatoka, na wanaanza kwako."

Kwa mtu wa nje hayo ni maneno tu. Kwetu ni amri. Baba mkwe wangu, Mzee Lugembe, ndiye aliyeuweka utaratibu huo, nami niliukuta nilipoolewa hapa Ntalikwa. Minana ni wale ndege wadogo wa njano wanaofuma viota vinavyoning'inia. Wakimaliza kiota cha kwanza, mkubwa wa ukoo, ambaye sasa ni Wenceslaus, kaka wa marehemu mume wangu, anakichuma kikiwa bado kibichi, anakipitisha nyumba zote za ndugu, halafu anakiweka juu ya kihenge chake cha nafaka. Kuanzia hapo hakuna kubishana. Plau inatoka, na inaanza kwa mjane.

Mjane ni mimi. Tangu Mathias wangu afariki, shamba langu linalimwa kwanza, na kwa hilo nawashukuru wakwe zangu bila kinyongo. Najua wajane wanaolimiwa mwisho, maksai wakiwa wamechoka na mvua inaelekea kuisha. Lakini utaratibu huohuo una upande wa pili: anayeacha zamu yake harudishwi katikati. Anangoja nyumba zote ziishe, ndipo akumbukwe.

Nilikitazama kile kiota. Kilikuwa kijani kama mboga iliyochumwa sasa hivi, wakati nyasi zote nyuma ya nyumba yangu zilikuwa zimekauka hadi ukizikanyaga zinalia.

"Umekichuma wapi, shemeji?"

"Mtini."

"Mti upi?"

"Josepha, ndege hajengi juu ya meza. Mtini."

"Nauliza kwa sababu juzi nilikwenda kuokota kuni kule kijitoni. Ule mgunga wa baba hauna hata kiota kimoja."

"Wamehama. Wapo kwenye mgunga wa kule bomba linapokata njia ya zamani. Watu wanahama, ndege wasihame?" Akacheka, akakitia kiota kwapani, akaenda nyumba ya pili.

Nikabaki naitazama mbegu yangu. Lilikuwa gunia moja tu, na lile gunia ndilo lililokuwa mwaka wangu mzima. Karanga za sokoni mjini ni za kukaanga, zimeanikwa juani mpaka zimekufa, ukizipanda nusu haioti. Hizi nilizichagua mwenyewe, nikaziwekea majivu, nikazilinda na panya. Zikifukiwa kwenye vumbi na mvua isije, sina nyingine, na mwaka ujao nitakaa mlangoni mwa watu.

Mchana nikajifunga kanga nikaenda kule bombani.

Njia ya zamani tunayoisema ndiyo ile waliyopita wapagazi na misafara kwenda Ujiji. Siku hizi ni njia ya ng'ombe na pikipiki, na bomba la maji limepita chini yake. Hapo lilikuwa limepasuka tangu kiangazi kilipoanza. Maji yalikuwa yanachuruzika usiku na mchana, na pembeni pamefanyika dimbwi, na kuzunguka dimbwi nyasi zimesimama ndefu, laini, kijani kibichi, kama mwezi wa pili. Kando ya dimbwi alikuwapo jirani yangu Zuena, amekunja sketi, anafua mashuka.

Zuena ni mtani wangu. Babu wa babu yake alikuja na mzigo kichwani kutoka Pwani kwa njia hiyohiyo, akaweka mzigo chini akakataa kurudi. Basi yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na hatujawahi kusalimiana vizuri.

"Ee, mama wa rozari! Umekuja kubatiza nani kwenye maji yangu?"

"Nimekuja kuona kama mababu zako waliacha haya maji hapa kwa sababu ya uvivu wa kuyabeba."

"Waliona Wanyamwezi mnanuka, wakawahurumia."

Tukacheka, nikakaa chini kuwatazama ndege. Mgunga ulikuwa umejaa. Mnana dume anashuka kwenye nyasi, anauma jani pembeni karibu na shina, halafu anaruka nalo kwenda juu, na jani linachanika lenyewe, linatoka uzi mrefu. Uzi ule anaupeleka kwenye kitanzi chake, anaupitisha, anauvuta kwa mdomo, anaufunga. Jani bichi linakunjika. Nikasimama nikaenda hatua chache nje ya ule unyevu, nikachuma jani kavu, nikajaribu kulichana namna ileile. Likavunjika mkononi kama kijiti cha kiberiti.

Pale pale nikaelewa. Mnana hajui mvua. Anajua jani. Miaka yote ya Mzee Lugembe alikuwa anajenga kijitoni, na kijitoni nyasi hazichipui mpaka mvua iwe imekwisha kunyesha huko juu na ardhi imeanza kushika maji. Kwa hiyo akifuma, kweli msimu umefika. Safari hii majani ameletewa na bomba.

"Zuena, hawa ndege wamedanganywa."

"Na nani?"

"Na haya maji unayofulia."

Nikamweleza. Akasikiliza huku anakamua shuka, halafu akasema, "Sasa wewe unataka kusema Mungu anawaongoza ndege kwa bomba?"

"Nasema wanafuma kwa sababu kuna majani. Umesikia dudumizi, yule ndege wa mvua, akilia?"

"Dudumizi? Sijamsikia."

"Mbayuwayu umewaona? Korongo je?"

"Sijawaona. Ila Mama Agnetha, nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu, usiende kuwaita watu wa maji. Bomba likizibwa mimi nitafulia wapi?"

Hakuwa anatania tena. Nikamwambia nitafanya ninaloona ni haki, naye akanigeuzia mgongo. Nikasoma namba iliyoandikwa kwenye jiwe la bomba, nikapiga. Kijana akapokea, nikamweleza kwamba bomba limepasuka na ndege wanafuma kabla ya wakati na watu wanataka kupanda. Akasema, "Ndege wanafanyaje, mama?" Nikarudia. Nikasikia anawaambia wenzake na wote wanacheka. Kisha akasema watakuja.

Jioni nikampigia binti yangu Agnetha, ambaye ni mwalimu kule Igunga. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie siwazi upuuzi. Akasema, "Mama, uko sawa. Ndege hawatazami kitu kimoja. Wengine wanahisi siku zinavyorefuka na kufupika, hata kama ni kidogo sana sisi hatuoni. Hao ndio wanaotoka mbali. Wengine wanasubiri chakula na majani ya hapohapo walipo. Minana watakuwa wa hapohapo."

"Basi mpigie baba yako mkubwa umwambie."

"Mimi? Mama, baba mkubwa atasema mwalimu amefundishwa lini kulima." Na kweli angesema hivyo. Nikakata simu nikiwa na jibu zuri ambalo halinisaidii.

Jumapili, baada ya Misa, jumuiya yetu ilikusanyika kwa Wenceslaus. Kiota kilikuwa juu ya kihenge, kimeanza kugeuka rangi. Niliamua nitasema mbele za watu, kwa adabu, chakula kikiwa bado hakijaletwa. Lakini yeye aliniwahi. Alisimama akasema, "Mama Agnetha ndiye mwombaji wetu. Atuongoze kumshukuru Mungu kwa kutuonyesha ishara."

Watu wakainamisha vichwa. Sasa mimi nifanye nini? Nikasali. Nikamshukuru Mungu kwa uhai, kwa mikono, nikamwomba atupe mvua kwa wakati wake.

"Na wakati wake ni Jumatatu," akamalizia Wenceslaus. "Amina."

"Amina!" wakaitikia wote, wakicheka.

Nikabaki nimesimama. "Shemeji, naomba niseme neno."

"Sema, mama."

Nikasema yote: majani, bomba, mgunga wa kijitoni ulivyo mtupu. Nikasema baba hakuwa anatazama mti wowote, alikuwa anatazama mti ule. Niliyaona macho ya watu. Wachache walikuwa wananifuata, hasa wanawake, maana wao ndio wanaopita kijitoni. Wenceslaus aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma.

"Hao ndege, Josepha, nani amewaumba?"

"Mungu."

"Na akili ya kufuma amewapa nani?"

"Mungu, shemeji, lakini..."

"Wewe unasali kuliko sisi sote hapa. Rozari yako imelainika kwa vidole. Halafu Mungu anatuletea ishara, wewe unasema ishara imetoka kwa mafundi bomba?"

Nyumba nzima ikacheka. Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema kwamba Mungu alimpa mnana akili ya kusoma majani, na sisi akatupa akili ya kutazama majani yametoka wapi. Lakini maneno hayo yalinijia nikiwa njiani narudi nyumbani, peke yangu, nayasema kwa sauti barabarani kama mwendawazimu.

Jumatatu asubuhi nikasikia kengele za maksai. Sixbert, mtoto mkubwa wa Wenceslaus, alikuwa ameshika plau, na baba yake anatangulia na fimbo. Nilikuwa nimesimama kwenye mpaka wa shamba, mikono mitupu.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema Sixbert. "Mbegu iko wapi? Ng'ombe wana njaa, wakisimama wanalala."

"Marahaba. Pitieni. Mimi sipandi leo."

Wenceslaus akadhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Nasema ahsante, pitieni nyumba inayofuata."

"Unajua maana ya neno hilo? Nikipita, nimepita. Sitarudi mpaka tumalize kote."

"Najua."

"Mke wa Mathias," akasema, na kuniita hivyo ilikuwa namna ya kuniambia marehemu ananiona, "baba aliamua plau ianze kwa mjane ili mjane asidharaulike. Leo mjane ndiye anamdharau baba."

Hilo nilikuwa nimelilia kabla hawajafika, kwa hiyo halikunitoa machozi tena. Nikasogea kando kuwapisha. Sixbert akatikisa kichwa, akaigeuza nira. "Mama mdogo bwana! Ndege hawana presha, presha unayo wewe."

Nikasikia kengele zinakwenda kwa jirani, na plau inaingia kwenye udongo mkavu, inakwaruza. Kutwa nzima sikufanya kazi ya maana. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Halafu, kabla wiki haijaisha, mvua ikanyesha.

Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya kweli, ya upepo na ngurumo, bati zikalia, watoto wakatoka nje wakiimba. Nilisimama mlangoni natazama maji yanapita kwenye shamba langu ambalo halijalimwa, na nikajiona mjinga kuliko wote Tabora. Sixbert akapita na baiskeli, amelowa chapachapa, akapaza sauti: "Mama mdogo! Hii nayo imetoka kwenye bomba?"

Usemi ule ulizunguka kijiji kizima. Kisimani, dukani, hata nje ya kanisa. Mtu akimwagikiwa na maji tu: hii nayo imetoka kwenye bomba?

Karanga zao zikaota. Shamba la Wenceslaus likatoa vichwa vya kijani, mistari imenyooka, unapita unaona raha. Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikachota mbegu sahani moja, nikachukua jembe la mkono, nikapanda kipande nyuma ya jiko, nimeinama kama mwizi nisionekane. Zuena akaniona vilevile.

"Ala! Kumbe nawe umeamini?"

"Sijaamini. Nimechoka tu."

"Mtu anapanda kwa sababu amechoka?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Kukataa peke yako kunachosha kuliko kulima.

Gunia lililobaki nililifunga kamba, nikalisukumia chini ya kitanda, nikaomba nisiliguse.

Watu wa maji walikuja wakati huo. Walikuja na gari, wakachimba, wakafunga bomba, wakaondoka. Mvua haikurudi. Jua likatoka kama halijawahi kuona wingu. Nyasi za pale bombani zikanywea, zikawa njano, na minana wakaanza kuvunja viota vyao wenyewe. Nilikwenda nikawaona. Dume ameshika kiota chake anavuta uzi mmojammoja, anautupa chini, na majike hawapo tena. Chini ya mgunga palikuwa na takataka za viota vilivyokauka. Ndani ya siku chache mti ukawa kimya.

Mashambani mimea ikainamisha majani. Asubuhi inanyanyuka kidogo, mchana inalala. Kware wakaingia wakachimbua zile ambazo zilikuwa hazijatoka vizuri. Kipande changu cha nyuma ya jiko kikafa kama vya wengine, tena kilianza kufa mapema.

Nilidhani sasa Wenceslaus atakuja aseme, angalau kidogo, angalau kwa kuzunguka. Alikuja kweli. Alikuja amekunja uso, amesimama katikati ya uwanja wangu.

"Ni wewe uliyewapigia simu watu wa maji?"

"Ni mimi. Niliwapigia kabla hamjapanda."

"Unaona ulichofanya?"

"Nimefanya nini, shemeji?"

"Umewafukuza minana. Ndege walikuwa wanafuma, mvua ikaja, watu wakapanda. Wewe ukaleta watu wakaziba maji, ndege wakabomoa nyumba zao wakaondoka, na mvua ikaondoka nao. Nani hajaona? Kila mtu ameona!"

Namshukuru Mungu kwamba mkono wangu haukuwa na mwiko. Nilimtazama mzee mzima, mwenye mvi, mwenye akili zake za kuuza na kununua ng'ombe, nikashindwa nianzie wapi. Kila kitu alichosema kilikuwa kimetokea kweli, kwa mpangilio uleule. Ila amekigeuza kichwa chini, miguu juu.

"Shemeji," nikasema, "kwa hiyo mvua ya Tabora inamfuata mnana?"

"Sasa inamfuata nani? Wewe?"

Na Zuena naye, aliyekosa maji ya kufulia, akakubaliana naye kutoka upande wa pili wa ua: "Mwambie, baba! Alikatazwa huyo!" Sikujua kama ni utani.

Siku zile nilisali vibaya. Nashika rozari, nikifika katikati ya fumbo nakuta nagombana na Wenceslaus kichwani, naanza upya. Mwezi wa kumi na moja ukaingia. Kwenye nyumba za ukoo watu waliacha kuongelea bomba. Mbegu zilikuwa zimekwisha, na kila nyumba ilijua kwamba nyumba ya jirani nayo haina. Wote walipanda kwa kiota kimoja.

Asubuhi moja nilikuwa nateka maji nikasikia dudumizi. Alikuwa kwenye kichaka kuelekea kijitoni, analia ile sauti yake ya kushuka, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Akanyamaza. Mwingine akamjibu ng'ambo. Nikatua ndoo, nikatazama juu. Hakukuwa na kitu. Lakini kesho yake mbayuwayu walikuwa wamejaa kwenye waya za umeme, na keshokutwa, wakati naanika nguo, nikaona korongo. Walikuja kutoka kaskazini, kundi kubwa, wanazunguka juu bila kupiga mabawa, halafu wakateremka kwenye mbuga, mmoja baada ya mwingine.

Niliwatazama mpaka shingo ikauma. Hawa hawakuona bomba letu. Wametoka nchi ambazo hata majina yake siyajui, huko ambako hakuna anayewapigia simu kwamba Ntalikwa kunakaribia kunyesha. Agnetha anasema wanahisi siku. Mimi nasema sawa, lakini kuhisi ni kazi ya nani? Mimi nakaa chini ya jua hilohilo, siku hizohizo zinapita juu yangu, na sihisi kitu mpaka nimelowa. Nikafanya ishara ya msalaba. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka upande ambao mawingu hutoka.

Sasa nilikuwa na mbegu, na sikuwa na ng'ombe. Zamu yangu ilikuwa imepita. Kwa jembe la mkono ningeandaa kipande cha kula mwezi mmoja.

Wenceslaus alikuja jioni hiyo. Safari hii alipiga hodi.

"Karibu, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba, mama." Akaketi kwenye kigoda. Akauliza habari za Agnetha. Akauliza habari za mgongo wangu. Akasifu paa. Nikamletea uji, akanywa wote, akaweka kikombe chini.

"Unasikia dudumizi?"

"Namsikia."

"Hawa watu," akasema, maana yake yeye mwenyewe na ndugu zake wote, "wamebaki mikono mitupu. Nimefikiria, sisi ni ukoo mmoja. Mwenye kitu anampa asiye na kitu. Hata kanisani tunaambiwa."

"Tunaambiwa."

"Basi gunia lile. Ukitoa nusu tugawane, kila nyumba ikipata kidogo ya kuanzia..."

"Nitatoa nusu."

Akashangaa. Nadhani alijiandaa kubembeleza usiku kucha.

"Ila kesho asubuhi maksai waanze kwangu," nikasema.

Uso wake ukabadilika. "Zamu yako ilipita, Josepha. Uliikataa mwenyewe, mbele ya Sixbert. Tukimaliza nyumba zote..."

"Nyumba zote zitapanda nini?"

Akaokota kikombe kitupu, akakichungulia ndani.

"Shemeji, wewe ndiye mkubwa. Nieleze mimi ambaye sijui. Maksai watafukia nini kwenye hayo mashamba mengine kesho, kama mbegu iko chini ya kitanda changu?"

"Hilo ni jambo moja. Utaratibu ni jambo jingine. Nikikurudisha wewe, kesho mwingine naye atataka arudishwe."

"Basi usinirudishe. Sema tunaanza upya, kwa sababu yale ya kwanza hayakuwa majira. Sema tu hivyo. Sema minana walikosea."

Ni hilo tu nililolitaka. Sikutaka aniombe radhi, sikutaka anipigie magoti. Nilitaka ile sentensi moja itoke kinywani mwake, niisikie, nilale.

"Minana hawakukosea," akasema. "Minana hawajawahi kukosea tangu baba. Ni mvua iliyokosea."

Nilicheka. Nilicheka kwa hasira, mpaka machozi yakatoka, naye akadhani tumepatana, akacheka pia. Mbali kuelekea Isikizya kukasikika ngurumo. Sote wawili tukageuza vichwa. Nikaona kwamba naweza kukaa hapo nikaing'ang'ania ile sentensi mpaka mvua ipite juu ya shamba langu mara ya pili, au naweza kulima.

"Haya," nikasema. "Mvua ilikosea. Maksai saa ngapi?"

"Alfajiri," akasema haraka. "Na mbegu?"

"Sixbert akimaliza mfuo wa mwisho wa shamba langu, atabeba nusu yenu mwenyewe."

"Huniamini?"

"Nakuamini, shemeji. Nakuamini kama unavyowaamini minana."

Akainuka kigodani. Akaondoka na kikombe changu mkononi, ikabidi nimwite arudishe.

Alfajiri walikuja kweli. Ardhi ilikuwa imelowa kwa manyunyu, plau iliingia bila kelele. Sixbert alikuwa mpole. Mimi nilitembea nyuma yake na beseni kiunoni, nadondosha karanga na kuzifukia kwa mguu, na Zuena akaja bila kuitwa, akachukua mstari wa pili.

"Nakusaidia ili upate karanga za kunilipa nguo zangu chafu," akasema.

"Nyamaza, mtani, utakosea mstari."

Wenceslaus alikuwa amesimama barabarani, anaongea na mwanaume mmoja wa nyumba za ng'ambo aliyekuja kuuliza kama wakati umefika. Upepo ulikuwa unaleta sauti yake kwetu, neno kwa neno.

"Unajua, mimi wale minana wa bombani sikuwaamini tangu mwanzo. Mnana unamtazama anafumia wapi. Akifumia majani ya bomba, huyo si wa kumfuata. Mimi nawaambia watu wangu siku zote, tazameni kijitoni."

Zuena akasimama wima, mkono kiunoni, akanitazama macho yamemtoka. "Mama Agnetha! Umemsikia? Wewe humjibu?"

Nilikuwa nimemsikia. Nilikuwa na jibu, tena safari hii lilikuja kwa wakati, lote, limepangika, liko kwenye ulimi. Nikageuka kuelekea barabarani.

"Mama mdogo, mbegu!" akaita Sixbert kutoka mbele. Maksai walikuwa wamekwisha geuka, mfuo mpya ulikuwa wazi nyuma yao, mrefu, mtupu, na matone ya kwanza makubwa yalikuwa yanaanza kuupiga.

Nikachota mkono mzima, nikainama.